Leza, Lenzi na Hoja ya "Hutolewa"

Kwa macho yasiyoona mbali, wapiga debe wa lenzi za kupandikiza wana hoja moja wanayoipenda mno: leza huchonga konea na kilichochongwa hakirudi, ilhali lenzi ikimkera mtu hutolewa, kwa hiyo lenzi ni salama zaidi. Mhadhara huu wa Sumbawanga unaanza na hoja hiyo.

Nusu yake ni kweli. Konea ina unene wa takriban mikroni 540, na leza hula kama mikroni 12 kwa kila daiopta, eneo linalochongwa likiwa na upana wa milimita 6. Mwenye konea nyembamba na namba kubwa ya miwani hukosa cha kuchongwa.

Lakini "hutolewa" maana yake nini? Lenzi hiyo hukaa ndani ya jicho, mbele ya lenzi ya kuzaliwa. Kuitoa ni kulifungua jicho mara ya pili, na maambukizi ya ndani, ingawa ni nadra, huweza kupofusha. Chembe za ukuta wa ndani wa konea zikifa hazizaliwi upya. Mtoto wa jicho akishaanza, kutoa lenzi hakumwondoi. Ndiyo maana aliyepandikiziwa hupaswa kurudi kliniki mwaka hadi mwaka. Mtu wa Laela au Namanyere apige hesabu ya nauli kabla ya kuvutiwa na neno moja. Leza nayo hukausha macho kwa miezi, na upepo wa Ufipa wakati wa kiangazi hauna huruma. Tena hakuna kati ya hizo mbili inayofupisha jicho lililorefuka la asiyeona mbali: hatari ya retina kubanduka hubaki palepale.



Mhadhiri huyu alisoma sekondari mjini hapa akinakili hesabu kutoka daftari la jirani, kwa kuwa ubaoni 8 na 3 zilikuwa kitu kimoja. Labda ndiyo sababu hachoki kuzirudia tafiti za Susan Wedner na wenzake kuhusu macho ya wanafunzi. Mwanza, katika matokeo ya 2002, walipima wanafunzi 2,511 wa sekondari: 5.6% hawakuona mbali vizuri, na wengi wa waliohitaji miwani hawakuwa nayo. Kisha Dar es Salaam wakalinganisha wanafunzi waliopewa miwani bure na waliopewa cheti tu wakanunue. Baada ya miezi mitatu, 27 kati ya 58 wa kundi la kwanza walikuwa nayo shuleni. La pili, 13 kati ya 50.

Basi mtu mzima ambaye namba yake imetulia na konea yake ni nene, leza inamtosha. Namba ikiwa kubwa mno, lenzi, mradi kliniki inafikika. Mwanafunzi apewe miwani, tena mkononi. Atakayesema 27 kati ya 58 ni wachache hajakosea, na ndiyo sababu mwalimu wa darasa abaki na orodha ya waliopewa, awaulize muhula unaofuata miwani iko wapi.