Nyota za karto: mapambo ya Noeli na Bonane tunayachora wenyewe

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama, Baraka. Wengi waliomba yaandikwe.)



Kwenye kikao kilichopita mzee mmoja alisimama akasema: "Mapambo haiko chakula. Nyumba yangu inavuja, na ninyi wa shirika munakuja na makasi na karatasi." Watu walipiga makofi. Sisi tulinyamaza, maana alisema kweli na hatukuwa na jibu tayari. Leo tumekuja kujibu, na tunaanza kwa kukiri kosa letu.

Mwaka jana tulinunua makalamu ya feutre ya rangi kwa pesa za chama. Watoto walichora vizuri sana, nyota zikatundikwa mbele ya kanisa, nje. Mwezi wa 12 kwetu ni mvua, ninyi wote munajua, sisi tu ndio tulisahau. Usiku mmoja ulitosha. Asubuhi karto zilikuwa nyeupe na ukuta ulikuwa na machozi ya bluu na nyekundu. Kuna mtoto alilia mpaka mama yake akatuuliza kama ndiyo kazi tuliyosomea yuniversite. Pesa ile ilipotea, na lawama ni yetu.

Tangu hapo tumejifunza kwa bamama wenyewe, na gharama imeshuka karibu na sufuri. Wino wa biki ni wa mafuta, maji hayauyeyushi kama feutre. Karto tunaomba dukani, za biskuti ama za sabuni. Tunachora upande wa ndani, kwa sababu hauna maandishi. Kole tunapika kwa unga wa muhogo, kijiko kimoja tu, uji mzito. (Ndiyo, mama mmoja alilalamika kwamba tunabandika bugali ukutani. Tumemsikia.) Kamba ni uzi wa nailoni wa nyavu kuukuu, uko mwingi pale ufukweni. Ukimaliza kuchora, unasugua mshumaa juu ya karto yote, polepole, pande mbili. Ile nta inafukuza maji. Hata hivyo, tundikeni chini ya baraza, musijaribu mvua tena.

Sasa mchoro wenyewe. Watu wengi wanasema "mimi sijui kuchora". Hakuna anayekuomba uchore mtu ama mbuzi. Unakata nyota ama duara kwa kufuata sahani. Unapiga mstari wa pembeni. Halafu unapitisha mistari miwili ama mitatu yenye kupinda, kama njia ya shamba, na karto inagawanyika vyumba. Kila chumba unakijaza mchoro mmoja tu: magamba ya samaki, matundu ya wavu, meno ya msumeno, mawimbi, ukindu wa mkeka unavyopita juu na chini. Chumba kimoja uache kitupu, macho yapumzike. Ukikosea mstari, usifute. Rudia kosa lile lile mara kumi, litageuka kuwa mchoro. Hili watoto wanalipenda kuliko yote.

Kijana mmoja alikosa wazo. Akatoka nje, akakanyaga tope kwa kandambili yake, akarudi kuchora alama ya soli. Wenzake walimcheka. Tukawaambia habari ya Bakuba wa Kasai, ambao wanaume wao wanafuma kitambaa cha rafia na wanawake wanakidarizi kwa michoro inayojulikana dunia nzima. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1920 wamisionari walimletea mfalme wao pikipiki wakidhani atashangaa. Chombo hakikumshughulisha. Alichopenda ni alama ya matairi kwenye mchanga, akaagiza inakiliwe, na mchoro ule ukapewa jina lake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka yule kijana, na soli yake iko kwenye nyota tatu.

Lakini tumjibu mzee.

Munajua hali yetu. Kuanzia mwaka 2005 watu walianza kuvuka ziwa kutoka Kigoma kurudi hapa, na Lugufu ilipofungwa mwaka 2009 wengine wengi walikuwa wamekwisha kufika. Waliorudi walikuta watu kwenye viwanja. Waliobaki nao wanasema: ninyi mulikuwa munapewa chakula kule, sisi tulibaki na vita. Hata watoto wana mgawanyiko huo. Waliozaliwa kule wanasema "rula" na "gundi", hawa wa hapa wanasema "late" na "kole", na shuleni wale wanaitwa Watanzania.

Kwenye kikundi chetu kuna mama wawili, hatutawataja majina, wenye kesi ya kiwanja kimoja. Hawasalimiani. Makasi tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, na bila kupanga walikaa mkeka mmoja. Ikabidi mmoja amwambie mwingine: "Lete makasi." Halafu: "Hii yako umeifunga namna gani pale kwenye kona?" Yule akamwonyesha, ni msuko wa mkeka aliojifunza kambini. Wiki iliyofuata walikaa pale pale. Kesi yao bado iko kwa chifu, haijaisha, na sisi hatusemi itaisha kwa sababu ya nyota. Tunasema tu kwamba katika kazi zetu zote za mwaka huu, mikutano na semina pamoja, ni pale tu tuliwaona wakisemezana.

Kwa hiyo, mzee wetu, pesa ya chama iende kwenye mabati, tunakubaliana na wewe. Mapambo hatuombei hata franka moja. Tunaomba kibanda cha chama na saa mbili.

Na kwa wafadhili: mmoja wenu ameandika kwa moyo mwema akitaka kutuma mapambo ya plastiki kwenye sanduku, na mwingine ameuliza kama nyota hizi zinaweza kuwa proje ya kuuza. Tunawashukuru. Plastiki musitume. Kuuza, bamama waulizwe kwanza, maana michoro ni yao. Tuliwauliza kidogo, na jibu lilikuwa wanataka kwanza kupamba nyumba zao. Mukitaka kusaidia, makasi nne zinatosha. Kwa kweli tatu. Ile moja tuiache ipitishwe mkono kwa mkono.

Tunaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa 12, saa nane mchana. Kila mtu aje na biki yake na kipande cha mshumaa. Unga wa muhogo tutaleta sisi, tusigombane tena.