POCHI IMEHAMIA KWENYE SIMU, MKONO WA WAKUBWA UKAIFUATA HUKO
(Mada iliyosomwa mbele ya vijana wa mjini, Dar es Salaam)



Naomba kila mmoja apapase mfuko wa nyuma. Wangapi mna pochi? Na mwenye nayo, ndani mna nini zaidi ya kitambulisho? Fedha zimehama. Nauli ya bodaboda, kodi ya chumba, hela ya mama kijijini, zote ziko kwenye simu.

Mambo haya yalianza kwa jirani. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Kabwela aliyezoea kuzungushwa benki, leo barua ya mtaa, kesho picha, akafunguliwa mlango na wakala mwenye meza na mwavuli. Hilo ni jema, tusilibeze. Hata kibaka wa Kariakoo amepungukiwa kazi.

Lakini ndugu zangu, pochi ya ngozi ilikuwa na sifa moja. Ukiweka elfu kumi, unatoa elfu kumi. Hii ya simu inakata ukituma, inakata ukitoa. Ndiyo maana mama siku hizi anakwambia, "Mwanangu, weka na ya kutolea."

Wakubwa nao walipoona vijisenti vya walalahoi vimekusanyika mahali pamoja, wakatia mkono. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya ada ya kampuni. Mshahara uliokwisha katwa kodi ukakatwa tena njiani ukienda kwa mzazi! Watu wakapiga kelele. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, lakini tozo ikasambazwa hadi benki. Julai 2023 ya kutuma ikafutwa, ya kutoa ikabakizwa.

Je, ilipungua kwa huruma? Thubutu! Ilipungua kwa sababu watu walisema, na wengine wakarudi kwenye noti mkononi. Waganda vilevile: Julai 2018 walibandikwa asilimia moja, hawakunyamaza, na kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi nusu asilimia, tena kwa kutoa tu.

Adui wa pili ni tapeli, yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Basi tapeli anatafuta kidole chako. Ukimsajilia mtu laini kwa hela ya soda, wizi wake utakuwa na jina lako, na polisi watagonga kwako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua, katoe taarifa. Na namba ya siri usimpe mtu, hata awe wakala uliyemzoea.

Nawaachia kazi moja. Mwezi huu, kila ujumbe wa muamala ukiingia, andika makato: ya kampuni upande huu, ya serikali upande ule. Mwisho wa mwezi jumlisha. Karatasi hiyo itunze vizuri, na siku mheshimiwa akija mtaani kuomba kura, mpe aisome kwa sauti mbele ya watu, kisha mwulize zimefanya nini.