Askari na Mwanafunzi wa Makerere

Jirani zetu wa Uganda wanacho Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Humo ndimo Mwalimu Nyerere aliposomea ualimu katika miaka ya 1940.

Lakini chuo hicho kimeonja pia uchungu wa bunduki. Mwaka 1972 Makamu wa Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, alikamatwa chini ya utawala wa Idi Amin, wala hakuonekana tena. Mwaka 1976 askari waliingia chuoni wakawapiga wanafunzi. Walimu wengi wakakimbilia ng'ambo. Amin aliangushwa Aprili 1979, lakini mwalimu aliyekimbia harudi kwa amri ya siku moja.

Tena, Oktoba 2019, wanafunzi walipopinga nyongeza ya karo ya asilimia 15, askari waliwaingilia mabwenini.

Hapa pana funzo kwetu sote. Mwanafunzi hukesha na kitabu, askari hukesha na silaha. Wote wawili hulishwa na jasho la mkulima yule yule. Mwanafunzi akivunja sheria, na akamatwe, afikishwe mahakamani. Rungu halijibu hoja. Askari amvunjaye mwanafunzi mkono leo, kesho akijeruhiwa atautafuta mkono wa daktari, asiuone.