Kuazima Jina la Mtu
(Somo: Filemoni 8–21)

Leo twataka kunena juu ya jambo linalowasumbua vijana wengi na wazazi wao, nalo ni barua ya mwalimu ya kumshuhudia mwanafunzi wake.

Kijana wa Kabati amemaliza shule. Anatafuta nafasi ya chuo, au kazi mjini Kitui au Nairobi. Anaambiwa, "Lete barua ya mtu anayekujua." Fomu ya basari nayo mara nyingi hutaka sahihi ya chifu na ya mchungaji. Mtoto wa mkubwa hasumbuki, maana baba yake anajulikana. Lakini mtoto wa mjane anayeuza maharagwe sokoni amwendee nani? Kwake yeye, barua ya mwalimu yaweza kuwa ndiyo njia pekee.

Jambo hili ni la zamani. Mwezi wa Januari 1844 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Unguja. Seyyid Said, ingawa alikuwa Mwislamu, alimpa barua kwa maliwali wake wa pwani, akimshuhudia kuwa mtu mwema na kuwaagiza wamsaidie. Kwa barua hiyo alipokewa Mombasa. Lakini Sultani hakutawala Ukambani. Krapf alipokuja Kitui mwaka 1849, aliyemwingiza ni Kivoi, mfanya biashara mkuu wa Wakamba, akamkaribisha kwake. Na huko, tarehe 3 Desemba, Krapf akauona Mlima Kenya. Twaona basi kwamba karatasi peke yake haina nguvu. Nguvu ni ya jina la yule anayekusimamia. Anayeomba barua anaazima jina la mtu.

Sasa tumtazame Paulo. Alimwandikia Filemoni kwa ajili ya Onesimo, mtumwa aliyemwacha bwana wake. Angalieni mambo mawili. Kwanza, Paulo hakuficha kwamba zamani Onesimo hakuwa wa kufaa. Alisema hivyo wazi, ndipo akasema kwamba sasa anafaa. Pili, alikubali kuligharimia neno lake: kama kuna deni, alisema, litiwe katika hesabu yake yeye. Ndiyo barua ya kweli. Haidanganyi, na mwandishi wake yu tayari kupata hasara.

Enyi vijana, mwendeeni mwalimu aliyewajua kweli, hata kama kuna mwingine mwenye cheo kikubwa zaidi. Nendeni mapema. Msimwendee Jumapili jioni na fomu inafungwa Jumatatu. Mpelekeeni matokeo yenu, jina la chuo au la mwajiri, na siku ya mwisho. Msimwombe aandike yasiyokuwapo. Mkifanya hivyo mnamwomba auze jina lake. Akisema, "Sikujui vya kutosha," msikasirike. Huenda amewaepusha na barua dhaifu. Na mkipata nafasi, au mkiikosa, rudini mkamwambie, mkamshukuru. Wengi huponywa, ni mmoja tu anayerudi.

Nasi tulio walimu, wachungaji na wazee wa kanisa, tujihoji. Je, tunaomba chochote mkononi kabla ya kutia sahihi? Hiyo ni dhambi, maana tunamtoza maskini kwa kusema kweli. Je, tunamwambia mtoto aje kesho, na kesho tena, mpaka siku inapita? Wanafunzi wa Yerusalemu walimwogopa Sauli, wala hawakusadiki kwamba ameokoka. Barnaba ndiye aliyemchukua, akampeleka kwa mitume na kumsemea. Kama Barnaba angalisema, "Nina kazi nyingi," Sauli angalibaki nje ya mlango. Wahenga walinena, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini hata chema kilichofichika kijijini chahitaji mtu wa kusema, "Mimi nimekiona."

Mwisho, tukumbuke kwamba Paulo aliwaambia Wakorintho hakuhitaji barua ya sifa kwao, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa barua yake, inayosomwa na watu wote. Kijana, mwalimu huandika kwa saa moja tu, lakini yale atakayoyaandika umekuwa ukimpa miaka yote ya shule: kwa kazi uliyoimaliza, kwa kweli uliyoisema, kwa jinsi ulivyowatendea wadogo. Anza leo kuishi hivyo, ili atakayekuazima jina lake asione haya.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetusimamia sisi tusio na sifa mbele za Baba, utufanye tayari kuwasimamia wengine kwa kweli. Uwakumbuke vijana wanaosubiri majibu wiki hii. Amina.