MITI YA MBAO: MALI YA NANI?

(Hotuba kwa wanachama wa tawi)



Pengine mtu atauliza, watu wa reli na mashamba ya miti, wapi na wapi? Lakini mikalitusi ililetwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, asili yake Australia, ili injini zetu zipate kuni. Injini zikaacha kuni zikachoma mafuta. Miti ikabaki, biashara ikakua.

Ikaja na saipresi, asili yake Mexico, pamoja na misunobari. Sasa sikilizeni jinsi ilivyopandwa. Tangu 1910 Serikali ilikuwa na mpango ulioitwa "shamba". Mtu alipewa kipande cha msitu uliokatwa. Akakisafisha, akalima mahindi, maharagwe na viazi, na katikati akapanda miche ya Serikali na kuipalilia. Baada ya miaka mitatu hivi miti hutia kivuli, mahindi hayaoti tena, naye huhamia kipande kingine. Chakula kilikuwa chake. Mti haukuwa wake, hata tawi moja. Saipresi hukaa karibu miaka 30 kabla ya kupasuliwa mbao. Mpaliliaji amekwisha zeeka, na anayekuja na hati ya kukata ni mwenye kiwanda.

Wako wasemao alilipwa kwa mahindi. Mimi sikubali. Mahindi aliyalima kwa jembe lake mwenyewe. Kazi ya miche ni kazi nyingine.

Tazameni Webuye. Kiwanda cha karatasi kilianza kazi 1974, kikila miti ya mashamba haya. Mwaka 2009 kikafungwa, wafanyi kazi wakaenda nyumbani. Tena Februari 2018 Serikali ilizuia ukataji katika misitu yake. Siku 90 zikawa miaka, hata Rais alipotangaza mwisho wake Julai 2023. Sababu ilikuwa ya kweli, maana wizi wa miti ulizidi. Lakini mpasua mbao na mpakia magogo, ni nani aliyewauliza watakula nini?

Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wenyeji ruhusa ya kuunda vyama na kufanya mapatano na Serikali. Ni hatua njema. Hata hivyo mkulima hulipia kipande chake, huku akiitunza miche, na mbao huuzwa na wengine.

Naiomba halmashauri yetu iwaandikie ndugu wa vyama vya misitu, iwaulize neno moja: katika mapatano hayo, fungu la mpaliliaji limeandikwa shilingi ngapi kwa kila mti unaokatwa?