Ugaidi Unatuhusu Nini Sisi wa Kilwa?

(Mazungumzo na wanakisomo wa vijiji vya pwani)



Juzi darasani tulisoma habari za Msumbiji. Bibi mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, hayo ni mambo ya ng'ambo ya Ruvuma. Yanatuhusu nini sisi wavuvi na wakulima wa Kilwa?" Swali hilo ni zuri. Leo tulijibu pamoja.

Kwanza, ugaidi ni nini? Ugaidi ni kuua, kuteka au kuchoma mali za watu wasio na silaha, ili wengine wote waingiwe na hofu. Jambazi hutaka mali yako. Gaidi hutaka uogope, ili ufanye anavyotaka yeye.

Je, jambo hili liko mbali? Hebu tuhesabu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Watu 11 walikufa. Siku hiyo hiyo Nairobi walikufa zaidi ya 200. Mwaka 2017 viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa huko Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili mwaka huo waliuawa askari 8 kwa mara moja wilayani Kibiti. Na Kibiti tunaipita kila tukienda Dar es Salaam.

Upande wa kusini, tarehe 5 Oktoba 2017 wenye silaha walivamia mji wa Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Vita ikaenea. Maelfu ya watu wamekufa na mamia ya maelfu wamekimbia makwao. Oktoba 2020 wakavuka Ruvuma, wakaua watu na kuchoma nyumba katika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Baadhi ya waliojiunga na kundi hilo walikuwa vijana wa Kitanzania. Walizaliwa na kina mama kama hawa tulio nao hapa.

Basi bibi, umeona. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Sasa tuulize: moto huo ulipata wapi kuni? Wakubwa wa kundi hilo hutumia jina la dini. Lakini dini peke yake haielezi jambo hili, maana masheikh na waumini wengi wamelipinga, na Waislamu wengi wameuawa. Cabo Delgado ni nchi yenye mali. Mawe ya rubi yalionekana Montepuez mwaka 2009. Gesi nyingi ikagunduliwa baharini mwaka 2010. Lakini vijana wengi walibaki bila kazi. Wachimbaji wadogo walifukuzwa kwenye rubi, na wanakijiji wengine wakahamishwa kupisha gesi. Mtu anayeona mali yake inapita mbele ya macho yake, na akilalamika hasikilizwi, ni rahisi kudanganywa. Hiyo si haki ya kuua mtu. Lakini ndiyo kuni.

Huo ndio tunaouita utawala dhaifu. Nao hauanzii mjini, unaweza kuanzia hapa hapa kijijini. Fedha za kijiji zikiliwa na mkutano usiitishwe, ni utawala dhaifu. Mgeni akihonga apewe barua ya utambulisho, ni utawala dhaifu. Kijana akikamatwa kwa sababu ya ndevu zake tu, huo nao ni utawala dhaifu, maana ndugu zake hawatakuja tena kutoa habari.

Tuje kwenye biashara. Kilwa Kisiwani ilitajirika zamani kwa sababu dhahabu ya Sofala, ambayo leo iko Msumbiji, ilipita katika bandari yake. Sisi na watu wa kusini tu ndugu wa siku nyingi. Wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea, mkoani kwetu Lindi, hadi Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Leo nchi zetu zote mbili zimo katika SADC, yaani jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika. Mwaka 2010 tulifungua Daraja la Umoja pale Mtambaswala ili watu na bidhaa vivuke. Lakini daraja bila amani ni zege tu. Mchuuzi wa samaki wakavu atavukaje kama huko aendako soko limechomwa? Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa, na kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha ujenzi wa mradi wa gesi. Kazi zikapotea. Kuanzia 2021 hadi 2024 majeshi ya SADC, wakiwemo askari wetu, yalikwenda kusaidia. Askari huzuia risasi. Hawawezi kumpa kijana kazi wala kumsomea mapato ya kijiji.

Basi sisi tufanye nini? Tumejifunza kusoma na kuandika. Tuvitumie.

Moja. Sheria ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu. Tuhudhurie, na tudai taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani tuisome.

Mbili. Halmashauri ya wilaya inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vijana waunde vikundi, waombe.

Tatu. Mwanao akiahidiwa kazi ya mbali, uliza: kazi gani, wapi, ya nani? Andika majina na namba ya simu. Asiyetaka kuandikwa, usimpe mwanao.

Nne. Mgeni apokelewe na aandikishwe. Tusimwite mtu gaidi kwa kabila lake au lugha yake.

Tano. Mtoto akipotea ghafla, usifiche kwa kuona aibu. Mwambie mwenyekiti na polisi mapema. Ukisema siku ya kwanza, huenda akarudi. Ukinyamaza mwaka mzima, utakuja kusikia jina lake redioni.

Bibi aliyeuliza, baada ya kusikia hayo, alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Basi mwalimu, kesho tuanze na lile daftari la wageni." Nasi twasema, tuanze.