Aliyejikabidhi kwa Mungu Hakabidhiki kwa Mwingine
Mhadhara wa umma, Brussels



Kuna hoja inayorudiwa kila tunapojadili historia ya Kanisa nchini Kongo, na imezoeleka hata hakuna anayeihoji. Inasema kwamba fundisho la kujikana nafsi lilimfaa mkoloni: Mwafrika alifundishwa kubeba msalaba ili asiulize ni nani aliyemtwika mzigo. Leo naipinga, na naipinga hapa hapa Brussels, kwa kuwa shahidi wangu mkuu alikuwa padri wa mji huu.

Ukweli uliomo nautambua. Mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo ilitiliana mkataba na Vatikani, na misheni zikapewa ardhi. Hivyo Kanisa lilifungamana na maslahi ya mkoloni. Nami nimeshuhudia fundisho hili likipotoshwa. Dada mmoja mzaliwa wa Bukavu, msafishaji wa maofisi hapa mjini, alinyimwa mshahara. Alipomweleza mchungaji wake, nikiwa nimeketi pembeni, aliambiwa avumilie, huo ndio msalaba wake. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo.

Lakini wenye hoja hii hawatofautishi sadaka na wizi. Sadaka hutolewa na mwenye mali. Mchungaji yule alikuwa akitoa mshahara usio wake, kwa mikono ya mtu mwingine, kisha akauita utii. Katika Injili ya Luka, sura ya 9, Yesu anamwambia yule anayetaka kumfuata ajikane mwenyewe. Pasipo kutaka, hakuna aliyejikana. Kuna aliyeporwa tu.

Wanadai pia kwamba kujiachia mikononi mwa Mungu humlegeza mtu. Hapo namwita shahidi wangu, Jan van Ruusbroec. Alizaliwa mwaka 1293, akahudumu katika kanisa la Mtakatifu Gudula hapa mjini, na mwaka 1343 akahamia Groenendaal, ndani ya msitu wa Soignes, pamoja na mapadri wenzake wawili. Aliandika kwa lugha ya watu wa Brabant, si kwa Kilatini. Katika kitabu chake kifupi kuhusu jiwe linalong'aa anawataja vibarua wa Mungu, watumishi waaminifu, marafiki wa siri, na wana waliofichika. Kibarua humtumikia Mungu kwa ujira, kwa kuwa bado anajipenda kuliko kumpenda Mungu. Mwana ameshakufa kwa nafsi yake. Tazameni safari hiyo inakoelekea! Kadiri mtu anavyojiachia, ndivyo anavyouacha ukibarua na kuukaribia uwana. Mafundisho ya kuzalisha watumwa yangempeleka njia ya kinyume.

Ruusbroec hakuishia hapo. Katika kitabu chake kuhusu arusi ya kiroho aliwashambulia waliojikalia katika utulivu mtupu, bila tendo lolote, wakidhani wamekwisha kuungana na Mungu. Kwake yeye, hao wanajitafuta wenyewe. Aliyejikana kweli hupanda kwa Mungu na kuwashukia watu wote, tayari kwa sala na tayari kwa kazi. Pale Groenendaal, kwa mfano, mpishi Jan van Leeuwen aliwalisha ndugu zake na akaandika vitabu vya maisha ya kiroho.

Turudi Kongo. Mkongo Isidore Bakanja alibatizwa mwaka 1906 na watawa Watrapisti kutoka Ubelgiji. Mwaka 1909, huko Ikili, msimamizi wake, Mbelgiji pia, alimwamuru avue skapulari, alama ya imani yake. Akakataa. Alichapwa viboko vilivyomfikisha kifoni mwaka uo huo, naye akamsamehe aliyempiga. Floribert Bwana Chui, mkaguzi wa bidhaa mpakani Goma, alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu. Aliuawa Julai 2007. Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri. Je, hao ndio waliolegezwa?

Mtaniambia kwamba watu wawili hawaifuti historia ya taasisi nzima. Ni kweli, hawaifuti. Hata hivyo imani yangu haitikisiki: si bosi wala mtoa rushwa aliyepata cha kushika kwa watu hawa, kwa sababu walikuwa wamekwisha kujitoa kwingine. Basi anapokuja mtu kutuhubiria kujikana, tusimfukuze. Tumuulize kwanza yeye amejikana nini, na nani atakayefaidika tukimtii.